Karibu ya Savia

Kwa Wagoa, Wahindi Wakatoliki wa Nairobi, kumkaribisha mtu ni jambo lenye ngazi zake. Mwenyeji husema karibu, mgeni hukataa. Husema tena, mgeni hukataa tena. Ya tatu ndiyo yenye uzito. Hata kikombe cha chai hupitia huko. Na Percy, gadi mstaafu wa reli ya Kenya, alikuwa bingwa wa kukataa. Tangu mkewe Assunta afariki, alikuwa amekataa chakula cha Krismasi, lifti za kwenda kanisani, hata viti alivyopishwa kwenye basi.

Ndiyo maana binti yake, Savia, hakuwa na wasiwasi mkubwa Jumamosi hiyo. Wiki iliyotangulia Percy aliteleza bafuni katika fleti yake ya Parkdale, huku ughaibuni walikohamia zamani, akalala sakafuni mpaka jirani aliposikia. Keith, kaka yake Savia, anayeishi Calgary, mwendo wa saa nne kwa ndege, na kutoa maagizo kwa simu, alisema, "Mwambie ahamie kwako. Hatakubali, you know him. Lakini lazima aulizwe."

Rahisi kusema ukiwa Calgary. Savia ndiye aliyemuuguza mama yao kwa miaka, nyumbani kwake Malton (Percy alikataa kuhama hata wakati huo), huku akifanya shifti kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Sasa nyumba ilikuwa yake peke yake. Alikula alipotaka, alilala milango wazi, na chumba alichofia mama alikiwekea cherehani. Alimpenda baba yake. Hakutaka kuishi naye. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuona haja ya kuyapatanisha.

Akampeleka kutembea kwenye Railpath, njia ya lami iliyowekwa mahali palipopita reli zamani. Mzee alipapenda. Treni haziwezi milima, kwa hiyo njia imelala tambarare na goti halilalamiki. Nyuma ya uzio reli nyingine bado zinafanya kazi. Treni ya uwanja wa ndege ikapita, Percy akasimama kuikagua mpaka behewa la mwisho. Magugu yenye maua ya manjano yalifika kiunoni, na kuta za viwanda vya zamani zilijaa michoro ya rangi.

"Tazama yule," Percy alisema kwa Kiswahili, lugha yao ya barabarani, ya kusengenyea watu bila kueleweka. "Yeye na mbwa wake wamevaa koti la aina moja."

Savia akacheka, akaona wakati ndio huu.

"Papa, kwa nini usihamie kwangu tu? Chumba kipo."

Alilisema kwa wepesi, kama anayempa mtu biskuti. Karibu ya pili alikuwa nayo tayari mdomoni, na ya tatu angeisema polepole, kisha wangekwenda kunywa kahawa.

"Sawa," Percy akasema.

"Sawa nini?"

"Nitakuja. Usiku naogopa, Savia. Nikienda bafuni nashika ukuta kama mwizi."

Savia akasimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akagonga kengele, akawazunguka. Alijua la kusema, lakini akajisikia akisema mengine: kwamba chumba kimejaa vitambaa, kwamba siku hizi shifti zake ni za usiku, kwamba ngazi za ile nyumba ni kali. Hayo nayo yalikuwa kweli.

Percy alimtazama. Kisha akaangua kicheko kikubwa, yeye ambaye hata kwenye harusi hucheka kwa kukohoa.

"Nimekushika! Nakutania, mwanangu. Mimi niache Parkdale, niende Malton kusikiliza ndege zikitua? Never!"

Akaondoka, kwa mwendo ambao goti lake halikuuruhusu. Savia alijua baba yake hatanii. Alijua pia kwamba karibu moja tu zaidi ingetosha. Akamkimbilia, akamshika mkono, akacheka naye, kwa sauti, mpaka wakafika mwisho wa njia.