Laini kwa Jina la Kaka

Mimi natengeneza simu za wanawake. Mwanamume haingii kwangu. Mlangoni kuna pazia, na mwanamume mwenye shida husimama upande wa pili, anakohoa, anasema anachotaka, nami namjibu hapana. Hapa mjini Amara hakuna mwanamke mwenye akili zake atakayempa fundi wa kiume simu yenye picha za harusi yake, nywele wazi na mabega wazi, halafu aiache huko siku nzima eti kioo kimepasuka. Ndiyo maana nina kazi. Ni miaka tisa sasa, na macho yameanza kunikatalia.

Kinachonichosha si kazi, ni maoni. Kila anayeingia ana lake kuhusu mtandao. Mmoja ananong'ona kwamba serikali inatusikiliza kupitia simu, hata zikiwa zimezimwa, na namba yake ya siri ni moja mbili tatu nne. Mwingine anataka watoto wote wanyang'anywe simu, huku wa kwake analia kwa sababu mama amemnyang'anya yake ili aangalie tamthilia. Mama mkwe mmoja aliniambia mtandao ufungwe kabisa, nchi nzima, maana umetuharibia wasichana. Hakumaliza dakika mbili akaniuliza mbona video zake za mapishi zinakwama. Namwitikia kila mmoja, namwambia kweli mama, kweli dada, huku nakaza skrubu.

Sheria zangu ni chache. Simu naifungua mbele ya mwenyewe. Kamera naibandika plasta. Namba ya siri ya mtu siiandiki popote. Na laini, nilikuwa nawashauri wote, isajiliwe kwa jina la kaka au la baba. Nilikuwa na sababu. Vijana wanaouza laini madukani wakiona jina la kike kwenye fomu hunakili namba pembeni, na kufika jioni msichana anapigiwa na watu asiowajua, huyu anahema tu, yule anaimba. Jina la mwanamume likikaa juu ya fomu, hakuna anayejisumbua. Nilijiona mjanja kweli. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wana laini za kaka zao kwa sababu yangu.

Nibras, anayeniita mama mdogo kwa heshima tu, ni mmojawao. Anafundisha hisabati katika shule ya msingi ya wasichana, ana miaka thelathini na mbili, hajaolewa, na anaishi na mama yake na kaka yake Munther. Ukikutana naye njiani ni salamu tu, basi. Miaka miwili iliyopita alikuja dukani, akasubiri wateja waishe, akaniomba nimfungulie ukurasa mtandaoni ambao hakuna mtu angejua ni wake. Nikamfungulia kwa namba yake ileile yenye jina la Munther. Akaupa jina Bibi wa Dirishani.

Sikujua kama msichana yule alikuwa na maneno kiasi kile tumboni. Bibi wa Dirishani aliusema mtaa mzima. Aliandika juu ya mahari zinazopanda kama mafuta, juu ya wanaume wanaolia joto ilhali wanaokaa jikoni ni wengine. Aliandika kwamba mlango wa choo cha wasichana pale shuleni uliondolewa kwenda kutengenezwa tangu Ramadhani, na kwamba sasa fundi anaulea kama mtoto wake. Wiki iliyofuata mlango ulirudi. Watu walikuwa wanasubiri maneno yake kama wanavyosubiri umeme.

Msomaji wake mkubwa kuliko wote alikuwa Munther.

"Leo kaka amepaliwa na chai," Nibras aliniambia siku moja, anacheka mpaka anafuta machozi. "Ananisomea mimi, mama mdogo! Mimi! Ananiambia, sikiliza huyu bibi, wewe mwalimu mzima, jifunze kuandika."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bibi ana makosa ya koma. Akanikasirikia!"

Nilimpenda sana akiwa hivyo. Dukani kwangu watu huja na nyuso za simu zilizokufa, na yeye alikuja na hizo habari zake.

Mwezi wa saba, joto likiwa nyuzi hamsini, Bibi wa Dirishani akamgusa Haji Chasib. Haji Chasib ndiye mwenye jenereta ya mtaa wetu. Umeme wa serikali ukikatika, na hukatika kutwa, sote tunalipia umeme wake kwa ampea, na yeye huzima mashine anapojisikia, tena saa za mchana hasa. Nibras aliandika hivi: "Jenereta ya Haji ni mcha Mungu. Adhana ya adhuhuri ikianza inazima, na hairudi mpaka iwe imeswali, imekula na imelala kidogo."

Basi, mtaa uliangua kicheko. Mashine ikizimika, watu wanaitana kutoka paa hadi paa, "Jamani nyamazeni, imesujudu!" Haji Chasib alishindwa hata kupita sokoni. Akaenda kituoni kushtaki.

Mwaka huo kulikuwa na amri mpya. Anayemvunjia mtu heshima mtandaoni ataulizwa, na atakayeulizwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye laini iliyofungua ukurasa. Nilikuwa nimeisikia amri hiyo redioni nikiwa nabadilisha betri. Nikasema moyoni, mambo ya wakubwa hayo, nikaendelea na betri yangu. Hilo sijisamehe.

Jumanne, askari wawili wakamchukua Munther kwenye karakana yake ya vipoza hewa.

Nibras alifika kwangu kutoka masomo ya likizo, chaki mikononi na baibui limekaa upande. Bahati nzuri duka lilikuwa tupu.

"Wamemchukua kaka, mama mdogo. Wanasema yeye ndiye Bibi wa Dirishani."

Nikakaa. "Laini," nikasema.

"Laini," akasema.

"Ni mimi niliyekushauri."

"Sasa hivi sina nafasi ya kulia na wewe. Naenda kuwaambia ukweli."

"Keti kwanza, binti yangu. Ukisema ni wewe, kesho mwalimu mkuu anajua, keshokutwa wazazi wanajua. Utabaki na kazi? Mtaa mzima utauliza mwalimu wa kike alikuwa anaandika nini na nani usiku kucha. Unawajua watu."

"Nawajua. Nimewaandika miaka miwili." Akajifuta chaki kwenye baibui. "Lakini ninyamaze kaka alale ndani kwa maneno yangu? Niingie vipi nyumbani? Mama nimtazame vipi?"

Nikafunga duka tukachukua teksi kwenda kituoni. Njia nzima alikuwa anarudia polepole atakavyosema, jina lake, la baba yake, la babu yake, shule anayofundisha. Nilimshika mkono tu, maana kila nilichokuwa nacho cha kusema nilikuwa nimeshakisema miaka miwili nyuma, na ndicho kilichotufikisha pale.

Hatukuwahi kuingia. Munther alikuwa anatoka getini peke yake, shati limelowa jasho, anatafuta kivuli. Alipotuona alisimama. Akamgeukia dada yake.

"Waliniuliza kama namba hii ni yangu," akasema. "Wakaniandikia kwenye karatasi. Nikaitazama. Namba ninayoipiga kila siku kuuliza kama mkate upo nyumbani."

"Kaka..."

"Nikawaambia ni yangu. Nikatia sahihi kwamba sitaandika tena. Wakasema, ufunge huo ukurasa hapahapa. Nikawaambia nimesahau namba ya siri. Wakacheka, wakasema, mwandishi gani wewe. Wamenipa mpaka jioni." Akajifuta uso. "Ile ya jenereta kuswali, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ya mlango wa choo?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, kaka."

Munther akakaa kwenye ukingo wa barabara na jua lote lile. Nilidhani atapiga kelele. Akaanza kucheka kidogokidogo, kichwa kimeinama, kisha akaacha. "Na mimi nakwambia jifunze kuandika," akasema. "Ungeniambia, Nibras. Mimi si mtu mbaya."

Jioni ile tuliufunga ukurasa kwenye meza yangu, wasomaji elfu kumi na moja na ushee. Munther alikaa upande wa pili wa pazia, kama desturi. Nibras alibonyeza mwenyewe. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Tukanywa chai ya ndimu kavu, haina sukari ya kutosha.

Nikadhani yameisha. Kumbe.

Siku ya pili Munther aliingia mkahawani, wanaume wote wakasimama. Chai yake ililipiwa kabla hajakaa. "Karibu Bibi!" wakamwita, "Bibi, mbona umeota ndevu?" wakamkumbatia, wakambusu mabega. Angefanya nini? Akikana, watauliza basi ni nani, na laini iko mikononi mwa nani. Siku za mwanzo alikuwa anaitikia tu, Mungu awabariki, Mungu awabariki, na kuondoka mapema. Baadaye akawa hatoki mapema. Mwezi wa nane nilisikia kwa wateja kwamba amesimulia namna alivyopata ile ya jenereta: eti alikuwa ameketi juu ya paa, adhana ikalia, feni ikasimama, maneno yakamjia yenyewe. Aliyenisimulia alimsifu sana. Mwezi wa tisa wazee wa mtaa wakamwomba azungumze mbele yao na Haji Chasib kuhusu saa za umeme, maana yeye ana ulimi. Alikwenda, akazungumza vibaya, wakampigia makofi.

Simlaumu. Alijitia hatarini kwa ajili ya dada yake, na si kila kaka angefanya hivyo. Lakini nilichoka kwa namna ambayo sikuwa nimechoka kabla.

Alhamisi moja Nibras alikuwa dukani kwangu, simu yake haichaji. Salima, mke wa muuza samaki, alikuwa anasubiri kioo.

"Wewe si dada yake Munther?" Salima akamuuliza. "Ee, hongera. Kaka yako ana kipaji, mashallah. Mimi nilijua tangu zamani ni mwanamume. Nilimwambia mume wangu, mwanamke hawezi kuchekesha namna ile."

Nikaangusha bisibisi.

"Kwa nini hawezi?" Nibras akauliza, kwa sauti yake ya darasani.

"Ataona wapi? Sisi tunaona nini zaidi ya sufuria?"

"Na ya choo cha wasichana? Mwanamume aliyaona wapi hayo?"

Salima akafikiri. Kisha uso ukamkunjuka. "Si wewe unafundisha pale? Bila shaka ulimsimulia, yeye akaipika vizuri. Nawe unastahili sifa kidogo, mwenzangu."

"Ahsante," Nibras akasema.

Salima alipoondoka na kioo chake, nilimgeukia Nibras nimwombe radhi, ingawa sijui radhi ya nini hasa. Alinitangulia.

"Mama mdogo, nataka laini mpya. Kwa jina langu."

"Watapata namba yako. Watakupigia kutwa."

"Watanichoka."

"Na ukiandika tena? Safari ijayo wataita aliye kwenye fomu. Watakuita wewe."

"Waniite," akasema. "Waniite kwa jina langu, nami niitike."

Nilimtazama usoni nikaona haombi ushauri. Vizuri, maana nilikuwa sina mwingine. Jumamosi nikaenda naye ofisi ya kampuni ya simu, foleni mpaka nje, feni moja inazunguka kwa shida. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Akampa fomu. Nibras aliijaza kwa herufi kubwa, moja moja, kama anaandika ubaoni.

"Huna ndugu wa kiume akusajilie, mwalimu? Wengi hufanya hivyo, kuepuka usumbufu."

"Ninaye," Nibras akasema. "Anajulikana sana."

Kijana akagonga muhuri. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesimama hapo na mkoba wangu, akaniuliza na mimi nasaidiwaje. Nikamwambia mimi nimemsindikiza tu, mimi ni fundi, laini ninayo miaka kumi na minne. Akaomba namba ili aone kama taarifa ziko sawa na amri mpya. Nikamtajia. Akaandika, akasoma kwenye mashine, akanitazama.

"Hii ina jina la Abdulridha."

"Marehemu mume wangu."

"Amefariki lini, mama?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

Akasugua kidevu, anatafuta namna ya kusema. "Basi, mama, kisheria hii si yako. Akitakiwa mtu wa kujibu, mashine itamtaja yeye."

Watu nyuma yangu walianza kunung'unika juu ya foleni. Nibras alikuwa ananitazama. Nikafikiria wanawake wote niliowafungia simu kwa kufuli juu ya kufuli, miaka tisa.

"Nipe na mimi fomu," nikamwambia. "Na kalamu inayoandika. Hii yenu imekauka."