Ramani ya Jicho la Fundi

Fundi alikuwa binti wa miaka ishirini na sita mwenye cherehani yake mwenyewe, na kwa miaka mitatu mishono yake ilikuwa inakwenda upande. Kila taa aliiona ina mkia, kila herufi ina pacha wake. Miwani alibadilisha mara nne, wapi! Wateja wakaanza kumkimbia, na aliyemtania kuliko wote ni Dada yake wa tumbo moja: eti anashona nguo au anachora njia ya nyoka? Fundi akawa anacheka naye. Angefanyaje, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki?

Ndiye huyohuyo aliyemsindikiza kliniki ya macho.

Mpimaji, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliuliza mengi kabla ya kugusa mashine. Umri. Macho yanawasha? Anayafikicha? Fundi akakiri anayafikicha kama mtu anayefua soksi. Je, kuna ndugu aliyewahi kuambiwa kuwa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, imechongoka? Fundi akamgeukia Dada. Dada akatikisa kichwa.

Fundi akaweka kidevu kwenye mashine, akaambiwa asipepese, ikatoka ramani ya rangi. Chini kidogo ya katikati palikuwa pekundu kama kaa la moto: hapo ndipo kioo kilipochongoka. Jicho la kushoto, mpimaji alieleza, bado lina unene wa kutosha kutibiwa kwa matone na mwanga, lisiharibike zaidi. La kulia limekonda mno. Angekuja miaka mitatu nyuma, lingetibika pia.

Kisha, kama alivyozoea kazini, akataka kumpima na ndugu wa damu. Dada akasema ana haraka, akasema ameacha sufuria jikoni, mwishowe akakaa. Ramani yake ilipotoka, mpimaji alikunja uso, akamwinua kope kwa kidole.

"Mama, mbona umekaa hapa na lenzi ngumu za konea iliyochongoka machoni? Zinabana umbo la jicho, mashine inadanganyika. Zinavuliwa wiki mbili kabla. Hawakukwambia walipokupa?"

Fundi akauliza polepole alipewa lini.

"Mwaka wa sita huu," Dada akasema, macho sakafuni.

Alikuwa amechumbiwa, akaogopa ukweni watasema ukoo wao ni wa vipofu. Baadaye hakujua aanzie wapi. Kumbe kichupa alichotembea nacho mkobani miaka yote, akisema ni dawa ya mafua, kilikuwa maji ya lenzi.

"Kitendawili," Fundi akasema.

Ulikuwa mchezo wao tangu utotoni. Mdomo wa Dada ukajibu wenyewe: "Tega."

"Ninaye wangu. Shimo analijua, alishatumbukia. Ananiona nalifuata, na kila nikijikwaa ananicheka."

Dada alijifuta machozi kwa upande wa mtandio, akasema, "Nimeshindwa. Chukua mji wowote unaoutaka, mdogo wangu."

"Mji nitauona kwa jicho lipi?"

Akamgeukia mpimaji, akaomba tarehe ya kutibiwa jicho la kushoto. Mpimaji akaandika Jumanne, akauliza nani atamleta, maana siku hiyo hataweza kurudi nyumbani peke yake. Dada akainua mkono kama mtoto darasani.

"Andika jirani," Fundi akasema.