Machweo ya Pwani ya Mashariki

Agrippina Scuderi alifundisha jiografia mjini Acireale, kusini mwa Italia, kwa miaka thelathini na sita, na ramani aliiheshimu kama wengine wanavyoheshimu msalaba. Katika mambo mengine alidanganya kama tunavyodanganya sote. Alimwambia jirani kwamba mchuzi wake wa biringani ni mtamu, akamwambia padri kwamba amefunga. Lakini mto aliuacha pale ulipo, na mlima hakuuzidishia hata futi moja.

Alipostaafu alibaki na magoti mabovu na sauti nzima. Mdogo wake, Venerando, alikuwa na gari la abiria wanane. Zamani gari hilo lilibeba mashada ya mazishi. Venerando akalipaka rangi ya samawati, akafunga viti, akaanza kuwatembeza watalii katika miji midogo ya pwani. Biashara ilikwenda vizuri mpaka Septemba ile, mwongozaji wake alipoolewa Torino bila hata kuaga.

"Dada, niokoe," alisema Venerando, amesimama mlangoni na kofia mkononi kama aliyekuja kuposa. "Nusu siku tu. Miji mitatu. Wewe unaongea, wao wanapiga picha, tunarudi."

"Niongee nini?"

"Chochote! Wewe darasani ulituongelesha saa nzima kuhusu mchanga."

"Mchanga una mengi," alisema Agrippina, akaenda kutafuta viatu vyake vya kutembelea.

Kosa lake siku hiyo lilikuwa moja tu. Hakuuliza tangazo linasemaje.

Saa tisa alasiri waliwachukua abiria karibu na bandari ya Catania. Walikuwa watano. Watatu ni Wabelgiji, watu wapole wasiojua neno la Kitaliano isipokuwa asante, ambao walianza kupiga picha kabla gari halijaondoka, na picha ya kwanza ilikuwa ya pipa la taka. Wawili waliobaki ni mume na mke kutoka Bergamo, kaskazini kabisa. Mke, Bibi Ornella, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa gauni la kijani la sherehe. Mumewe, Mzee Fermo, alikuwa mrefu, mwenye masharubu yaliyochanwa, na mkononi alishika karatasi iliyokunjwa kwa uangalifu kama cheti cha kuzaliwa.

"Mwalimu," alisema Fermo, maana Venerando alikwisha kumtangaza dada yake hivyo, "hii ndiyo safari yenyewe, sivyo?"

Agrippina alikunjua karatasi. Ilikuwa na picha ya jua jekundu kama kiini cha yai, nusu limekwisha zama majini. Chini yake Venerando alikuwa ameandika: *Miji mitatu ya bahari, na mwisho wa yote, jua likizama baharini mbele ya macho yenu.*

Alisoma mara mbili. Pwani ile inatazama mashariki. Jua lake hutoka baharini asubuhi kama mtu mwadilifu anayekwenda kazini, na jioni huteremka nyuma ya Mlima Etna, uliosimama mgongoni mwa miji ile yote kama ukuta. Ili jua lizame katika bahari ile, dunia ingebidi ibadili nia.

"Leo tunatimiza miaka arobaini ya ndoa," Fermo aliendelea, sauti ikimlegea. "Fungate tulikwenda Rimini. Nikamwahidi huyu mke wangu kwamba ataona jua likizama baharini. Tukakaa ufukweni siku saba."

"Likazama?" aliuliza Agrippina, ingawa jibu alilijua.

"Lilizama nyuma ya hoteli," alisema Bibi Ornella kwa upole.

"Mwaka uliofuata nikampeleka Ancona."

"Nyuma ya kanisa."

"Kisha Pescara."

"Nyuma ya bucha," alisema Ornella, akatengeneza pindo la gauni.

"Bahati mbaya tu," alisema Fermo. "Mimi nilikuwa dereva wa treni, Mwalimu. Miaka thelathini na moja. Treni haikuulizi njia, reli inajua yenyewe. Lakini safari hii nimesema hapana, nitawaachia wataalamu."

Agrippina alikwenda kukaa mbele, karibu na mdogo wake, akafunga mkanda, akainamisha kichwa.

"Wewe mwehu," alinong'ona. "Jua linazama upande gani?"

"Upande wa jioni," alinong'ona Venerando.

"Nilikufelisha mara mbili. Ningekufelisha mara ya tatu!"

"Picha ilikuwa nzuri, dada. Watu wanapenda. Yule binti aliyeolewa alikuwa akiwaambia kuna mawingu."

Agrippina alitazama mbinguni. Hapakuwa na wingu hata la kupangusia miwani.

Mji wa kwanza ulikuwa Aci Castello. Agrippina aliongea juu ya ngome nyeusi, juu ya moto wa mlima ulioganda majini, juu ya kila jiwe lenye jina na mengi yasiyokuwa na jina. Aliongea kama anayekimbizwa. Wabelgiji walimpiga picha mdomo ukiwa wazi. Kila alipovuta pumzi, Fermo aliinua mkono kama mwanafunzi wa darasa la nne.

"Tutakaa wapi, Mwalimu? Wakati wa lile jambo lenyewe."

"Tutafika," alisema Agrippina. "Kila kitu kwa wakati wake."

Huko Aci Trezza walikaa kwenye mkahawa, mbele ya yale majabali meusi yaliyosimama baharini, wakala barafu ya lozi kwa mkate mtamu. Fermo hakuingoja barafu. Alivuta viti viwili mpaka ukingoni mwa maji, akavielekeza baharini, akampanguzia mkewe kimoja kwa leso. Mhudumu, mtu mzima mwenye tumbo, alisimama na sinia yake.

"Mnangoja meli, mzee?"

"Tunangoja jua lizame."

Mhudumu aligeuka taratibu. Jua lilikuwa juu ya mlima, likampiga usoni. Akageuka tena akaitazama bahari. Kisha akamtazama Venerando, ambaye alikuwa ameweka kidole midomoni na macho yamemtoka.

"Haya, ngojeni," alisema mhudumu. "Subira huvuta heri. Niwaletee blanketi kabisa?"

Venerando upesi aliagiza barafu nyingine, akawaharakisha wote garini huku vijiko vingali mikononi. Mbelgiji mmoja alipiga picha kijiko chake, akakirudisha mbio.

Walifika Santa Maria La Scala kwenye saa kumi na mbili kasorobo. Ni kijiji kidogo, kanisa na nyumba chache na mashua zilizopakwa rangi, vyote vimebanwa kati ya maji na genge refu. Bibi Ornella alikaa kwenye ukuta wa bandari, mkoba mapajani. Fermo alikaa kando yake, kifua mbele. Wakatazama baharini.

Na nyuma yao, bila kelele, kivuli cha mlima kilishuka gengeni, kikapita juu ya kanisa, kikavuka kamba za nguo, kikawafunika wote kama mtu anayefunika sufuria. Ornella alivaa sweta.

"Mwalimu," aliita Fermo baada ya muda. "Jua limekwenda wapi?"

Venerando alianza kukohoa. "Mawingu, mzee, wakati huu wa mwaka mawingu ya hapa huwa hayaonekani kwa..."

"Venerando, njoo hapa," alisema dada yake. "Simama nyuma ya hawa. Panua mikono. Wewe ni Mlima Etna, umbo unalo. Mzee Fermo, samahani, wewe ni bahari. Kaa hivyohivyo."

Alichukua limau kwenye kikapu kilichokuwa mlangoni kwa mtu, akaliinua juu. Kwa robo saa aliwafundisha. Limau lilitoka upande wa Fermo, likapita juu ya kichwa cha Ornella, likazama nyuma ya mabega ya Venerando. Likarudia. Fermo alilifuata kwa shingo, kwenda na kurudi, mpaka uso wake ukaanza kubadilika.

"Ina maana hapa..."

"Hapa halizami baharini, mzee wangu. Halijawahi. Tangazo ni la uongo, na aliyeandika ni huyu mlima hapa."

"Na Ancona?"

"Mashariki."

"Pescara?"

"Mashariki. Upande ule wote wa nchi unatazama mashariki, kutoka juu mpaka chini."

"Na Rimini," alisema Fermo, na safari hii hakuuliza. Alivua kofia. Alionekana kama dereva aliyegundua, miaka arobaini baadaye, kwamba mabehewa yote yaliachwa kituoni. "Ornella. Mimi ni mpumbavu."

"Si mpumbavu," alisema Ornella haraka, akamtupia Agrippina jicho kali ambalo mwalimu hakulielewa. "Ni ugeni tu."

"Umeniua, dada," alilia Venerando, mikono ingali imepanuka. "Niishushe sasa?"

"Kaa hivyohivyo."

Hata Wabelgiji waliteremsha kamera. Giza lilianza kuingia, taa ya kwanza ikawashwa kwenye mashua moja, na ilikuwa saa moja kasoro kidogo pale Fermo aliporuka kutoka ukutani kama aliyeng'atwa na kaa.

"Ornella! Lile pale! Tazama!"

Mwishoni kabisa mwa bahari palikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kikubwa, cha duara, nusu kimo majini. Kilitandaza njia ya dhahabu mpaka miguuni pao.

"Jua!" alipiga kelele Fermo.

"Si niliwaambia!" alidakia Venerando, akirukaruka. "Lilichelewa tu! Mtakatifu Venera, asante! Jua hilo, mzee, la kwako wewe na mama!"

Wabelgiji walipiga makofi. Fermo alimkumbatia mkewe, akamwinua mpaka kiatu kimoja kikamtoka.

Agrippina alifumba macho. Aliomba nguvu za kunyamaza. Hazikuja.

"Ule ni mwezi," alisema.

"Dada! Mara moja tu katika maisha yako, nyamaza!"

"Unapanda, Venerando! Kitu kinachozama hakipandi!"

Na kweli ulikuwa ukipanda. Ulijitoa majini wote, mzima, mpevu, ukakaa juu ya bahari kama sinia ya shaba. Fermo aliutazama, bado amemkumbatia mkewe. Masharubu yake yalitetemeka, na ilikuwa vigumu kujua kama anacheka au analia.

"Hata hivyo," alisema mwishowe, "mzuri."

"Mzuri sana, Fermo," alisema Ornella. "Niteremshe sasa, utaumia mgongo."

Kabla ya kuondoka Ornella aliomba kunawa mikono, na Agrippina akampeleka kwenye bomba kando ya kanisa. Walipokuwa peke yao, Ornella hakufungua bomba.

"Mwalimu," alisema, "leo umekaribia kunivunjia nyumba."

"Mimi? Mama, nilisema ukweli tu."

"Ukweli! Binti yangu alikuwa na miaka sita alipoleta ramani ya shule na kunionyesha. Nimejua tangu hapo." Alichungulia nyuma, kuhakikisha Fermo yuko mbali. "Fermo ni mtu wa nyumbani. Ana nyanya zake bustanini, ana redio yake. Kwa hiari yake asingevuka daraja la Bergamo. Lakini lile jua la Rimini lilimkaa rohoni, na kila Septemba ananipeleka baharini kulitafuta. Kila Septemba, Mwalimu! Hoteli, kahawa kitandani, samaki wa kukaanga. Angelipata mwaka wa kwanza, unadhani ningeiona bahari tena?"

Agrippina alikuwa amewafundisha watoto zaidi ya elfu mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutumia jiografia vizuri namna ile.

"Kwa nini hukuniashiria?"

"Nilikuashiria! Nilikukodolea macho mpaka yakauma! Wewe ulikuwa na limau lako."

Walirudi garini. Venerando aliendesha kimya, amenuna, akipanda barabara ya genge kwa gia ya pili. Wabelgiji walilala, wameegemeana kama magunia. Fermo alikaa nyuma ya Agrippina, na haukupita muda mrefu akamgusa bega. Alikuwa ametoa kijitabu na kalamu.

"Mwalimu, mimi sina hasira. Wewe ni mtu wa kweli, ndiyo maana nakuuliza wewe. Mwakani nimpeleke wapi? Mahali penyewe hasa. Nikishampatia, basi, nitapumzika na nyanya zangu."

Agrippina alikaa sawa. Pwani yote ya magharibi ilimjia kichwani, Marsala na Trapani na nyinginezo, kila moja imeinua mkono, mimi, mimi, Mwalimu. Katika kioo cha gari alimwona Ornella amegeukia dirishani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, haombi chochote.

"Otranto," alisema Agrippina.

Gari liliyumba kidogo. Otranto ni ncha ya mashariki kuliko zote nchini Italia. Jua hufika pale wakati nchi nzima ingali imelala, na jambo hilo hata Venerando, pamoja na kufeli kwake mara mbili, alilijua.

"O-tran-to," aliandika Fermo. Kisha akasita, maana somo la limau lilikuwa limemwingia. "Iko magharibi?"

"Magharibi kabisa," alisema Agrippina. Akageukia kioo cha mbele, na kwa sauti ambayo ndugu yake tu aliisikia, akamalizia: "Ya Albania."

Venerando alifungua mdomo.

"Endesha," alisema dada yake.

Nyuma, Bibi Ornella alimuuliza mumewe kama huko Otranto kuna samaki wazuri, na Fermo akasema hajui, lakini atauliza. Mwezi ulikuwa upande wa kushoto wa gari, juu ya bahari, umekwisha kuwa mweupe. Venerando aliendesha mpaka taa za Acireale zilipoonekana, ndipo aliposhindwa kuvumilia.

"Kesho nina Wafaransa sita," alisema. "Utakuja?"

"Futa ile picha kwanza."

"Niweke ya mwezi?"

"Mwezi mpevu ni siku moja, mjinga wewe. Weka ya barafu ya lozi. Hiyo ipo kila siku."