Koti la Injini

Mara ya tatu Dashnyam alipokuja gereji kwangu majira yale ya baridi, niliusikia mluzi kabla sijaliona lori. Ni mluzi wa moshi unaojitafutia upenyo kati ya injini na turbo, ile feni inayoipulizia injini hewa, kwa sababu bolti za kuzishikanisha zimelegea. Niliweka chini kikombe changu cha chai nikatukana, na jirani wa dukani nadhani alisikia.

Bolti hizo nilizikaza mimi. Mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja, mara ya pili mwezi wa kumi na mbili, na mara hiyo nikabadilisha zote nne pamoja na nati na gasketi. Miaka ishirini na sita nafungua injini katika mji huu wa jangwa la Gobi, na hakuna lori lililowahi kunirudia mara tatu na ugonjwa uleule. Mjini walishaanza kuulizana kama mkono wangu, mkono wa Dulmaa, umechoka. Hilo ningelimeza. Lakini Dashnyam ni mume wa marehemu dada yangu, na safari hii alikuwa amepakia marobota ya nyasi ya kuwapelekea wafugaji ng'ambo ya mlima, ambako theluji ilikuwa imefunika malisho na mifugo ilikuwa inakufa. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Turbo ikimfia kule juu, lori halipandi, na dereva aliyekwama kule bila moto haioni asubuhi.

"Shemeji," alisema akishuka, masharubu yameganda. "Usinikasirikie."

"Nimezikasirikia bolti. Wewe zamu yako inakuja."

"Chai ipo?"

"Ipo. Haikuhusu mpaka nione kwanza."

Nilifungua boneti nikakuta injini imevaa koti. Kwetu malori huvaa makoti wakati wa baridi, ya sufu nzito iliyopondwa, kwa hiyo koti lenyewe halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba hili sikuwahi kuliona.

"Hili umelitoa wapi?"

"Lipo tangu vuli. Nikikaribia hapa nalivua, naliweka kitini." Alikohoa. "Mikono yako, shemeji, uniwie radhi, ina oili mpaka viwikoni. Leo kamba zimeganda, nimeshindwa kulivua."

Nilijua limeshonwa na nani. Mama yetu alitufundisha kushona sisi wawili. Dada akabaki na sindano, mimi nikakimbilia spana. Uzi ulikuwa wa manyoya ya ngamia, mishono midogo iliyolingana yote. Ubavuni alikuwa ametarizi fundo lisilo na mwisho, lile tunaloliweka kwenye milango ili heri isikatike. Koti alilimaliza, nilikuja kuambiwa, wiki mbili kabla ya kulazwa hospitali, na hospitali hakutoka. Kwetu jina la aliyeondoka halitajwi, kwa hiyo sikuuliza, nikaenda kuchukua birika.

Niliyeyusha kamba kwa maji ya moto, nikaliinua koti taratibu. Nyuma ya fundo lile, mahali turbo inapokaa, mkono wangu ukagusa bati.

"Hii nini?"

"Bati la ndoo. Sufu ilianza kunuka kuungua, nikaona niikinge."

"Ulisikia sufu inaungua, ukaweka bati."

"Nikaweka bati. Harufu ikaisha."

"Dashnyam, mungu alipogawa akili wewe ulikuwa unabadilisha tairi?"

Halafu nikamweleza polepole, maana hasira haikazi nati. Turbo ikifanya kazi huwaka mpaka ikawa nyekundu, na upepo wa njiani ndio unaoipunguzia moto. Yeye alikuwa ameifunika kwa sufu, akaongeza na bati. Bolti zilipata moto kupita kiasi, zikarefuka, zilipopoa hazikurudi zilipokuwa. Nati zikabaki hazijashika kitu. Ningezikaza hata mara mia zingelegea.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo hapa panataka tundu." Nikaweka kiganja juu ya fundo la dada.

Aliutoa mkono wangu pale. "Tafuta njia nyingine."

"Hakuna."

"Basi naenda bila koti."

"Utafika nusu ya mlima dizeli imekuwa uji."

"Ni kitu cha mwisho alichoshona, shemeji. Kata kitu chochote kingine."

"Unadhani mimi nataka?" nilimwambia. "Nimeshamzika yeye. Sitaki kukuzika na wewe kwa ajili ya tambara."

Neno hilo tambara lilimuuma, nililiona. Aliinuka akatoka nje kwenye baridi bila kofia. Mimi nikachukua mkasi, nikalilaza koti juu ya meza kifudifudi ili nikate kwa upande wa ndani, nisilione fundo likikatika.

Hapo ndipo nikaona mishono ya aina mbili. Ule wa dada ulizunguka koti lote. Lakini kulizunguka fundo, pande tatu, kulikuwa na mshono mwingine wa uzi mnene wa nailoni, ule wa kufungia maturubai, umepinda hapa, umeruka pale, mafundo kila mahali. Niliusogeza uzi huo kwa ncha ya mkasi. Chini yake kingo za sufu zilikuwa zimepindwa na kushonwa vizuri, kila upande peke yake. Hakuna mshonaji anayepinda kingo za kitu anachotaka kukiziba.

"Dashnyam!" nikaita. "Njoo. Hapa ameshona nani?"

Aliingia, akaangalia. "Mimi."

"Lini?"

"Baada ya mazishi. Palikuwa pameachia. Sufu ilikuwa inapigapiga njia nzima, kila ninapokwenda naisikia." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Sikuweza kuvumilia kuona kitu chake kinaachia. Nikakishona."

"Hakikuachia. Ni mlango."

Nilimwonyesha. Upande wa juu ulikuwa umeshikwa na dada kwa mshono wa mara mbili, ili sufu ikunjuke juu kama pazia la dirisha. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kifungo cha shaba, kutoka kwenye joho lake la sikukuu, na kitanzi chake. Juu zaidi kulikuwa na kitanzi cha pili, cha kukishikiza kipande kikiwa kimekunjwa. Ukisafiri unafungua, turbo inapata upepo. Ukisimama unafunga, injini inalala na joto lake. Alikuwa amefikiria yote, yeye asiyejua hata spana namba kumi na tatu. Nadhani alitaka kumwonyesha mumewe mlango huo akitoka hospitali.

Dashnyam alikaa juu ya tairi. "Kwa hiyo bolti ni mimi."

"Ni wewe."

"Mara zote."

"Mara zote tatu. Mimi mkono wangu ni mzima, uwaambie na mjini."

Alicheka kidogo, halafu akalia, na mimi nikalia, mkasi bado mkononi.

"Kata nyuzi zangu," alisema. "Zake usiziguse."

Nilizikata nyuzi za Dashnyam moja moja, nikalitupa na bati. Nikatoa bolti za zamani, nikasafisha masizi, nikaweka gasketi na bolti mpya, nikakaza kwa mtambuko, kona kwa kona, kidogo kidogo. Tukawasha injini mpaka ikapata moto, tukazima, ikapoa, nikakaza tena. Mluzi ulikuwa umekwisha. Alipoondoka nilirusha maziwa nyuma ya magurudumu kwa kijiko cha mti, kumwombea njia njema, kazi aliyoifanya dada kila safari, na ambayo tangu afe hakuna aliyekuwa ameifanya.

Alirudi siku ya sita, marobota yameshushwa, uso umebabuka kwa upepo. Nilifungua boneti kabla ya kumsalimia. Kipande cha koti kilikuwa kimekunjwa juu na kushikizwa. Niliweka spana kwenye nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna hata moja iliyosogea.

"Sasa chai inakuhusu," nikamwambia.

"Subiri," alisema. Alivua glavu kwenye baridi ile, akakunjua sufu ikashuka juu ya turbo, akatafuta kitanzi cha chini kwa vidole vilivyokufa ganzi, akamfungia mkewe kifungo.