Magunzi ya Jikoni

Treni za makaa ya mawe zilipoanza kuchelewa, kiwanda cha sabuni kilikaa siku nyingi bila mvuke. Boila lake lilikuwa kubwa kama nyumba, na bila moto wake mafuta hayachemki, sabuni haitoki. Mwenze, msimamizi wa moto, alikuwa mtu mzima alipoanza masomo ya jioni, na hesabu za joto alizipata kwa juhudi na kwa maombi. Mkurugenzi, citoyen Numbi, yaani mwananchi Numbi kama watu walivyoitwa enzi zile, alimtaka atafute kama boila lingeweza kuchoma magunzi ya mahindi badala ya makaa.

Mwenze alitengeneza boila dogo la mfano kwa pipa la mafuta, akaliweka uani kwake. Alipima magunzi, akapima maji yaliyogeuka mvuke, kisha akakuza hesabu hadi ukubwa wa boila la kiwanda. Jibu lilikuwa zuri kuliko alivyotumaini. Alifunga, akasali, na jibu halikubadilika. Jumapili alisimama katika kikundi cha sala akashuhudia kwamba Mungu mwenyewe amempa hesabu ile. Watu walipiga makofi. Mama Chomba, aliyelima huko Annexe, pembezoni mwa mji, alisema kama Mungu amesema, yeye na wenzake watakusanya magunzi. Wakaacha vibarua vyao vya kupalilia ili kuyabeba hadi kiwandani.

Siku ya jaribio moto ulitoa moshi mzito, na mshale wa kipimo cha mvuke ulipanda kidogo ukasimama. Sabuni ikaganda nusu ndani ya masufuria. Citoyen Numbi akatumbukiza mkono katika gunia.

"Hii magunzi iko na maji," alisema. "Bale bamama banatuletea takataka. Kesho basionekane hapa mulangoni. Ao namna gani, Mwenze?"

Mwenze alikuwa ameshaelewa. Magunzi aliyoyapima yalikuwa ya mke wake, ambaye, kama wanawake wengi wa mtaa, huyaweka juu ya mbabula, jiko la mkaa, anapopikia, yakauke kabisa, yapate kuwasha moto upesi. Hakuna shamba linalotoa magunzi makavu namna ile, tena wakati wa mvua. Kosa lilikuwa la mfano wake.

"Iko na maji, citoyen directeur," akajibu. Ilikuwa kweli, na bado alijua kwamba amedanganya.

Mama Chomba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakugombana. Aliuliza tu, "Nabii wa magunzi, Mungu hakukuambia kama mvua inanyesha?" Wenzake wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali, kwa maana walikuwa wanarudi mikono mitupu na vibarua wameviacha.

Jioni Mwenze alipiga magoti akashindwa kuanza. Kila sala iliyomjia mdomoni ilikuwa inaomba heshima yake isipotee. Aliona aibu hata kulitaja Jina ambalo alikuwa amelitumia kuthibitisha hesabu yake.

Asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi akaeleza habari ya mbabula. Alisema magunzi yakianikwa chini ya kibanda, na hesabu ikifanywa upya, jaribio linaweza kurudiwa, wanawake wasifukuzwe. Citoyen Numbi alimwambia ndiyo faida ya kusoma jioni, mtu haoni vizuri. Hesabu mpya akampa mwingine, na Mwenze akarudishwa kwenye koleo la kulishia moto. Lakini alikubali kibanda kijengwe na Mama Chomba aitwe.

Mwenze akaenda mwenyewe Annexe kumwita. Alimkuta akipukuchua mahindi pamoja na wenzake, akawaeleza wote kosa lake lilikuwa wapi.

"Na Mungu?" Mama Chomba akauliza. "Siye tulipiga makofi."

Mwenze alitazama chini. "Mungu hakusema kitu, mama. Ni miye njo nilisema."

Hakuna aliyecheka. Mama Chomba aliendelea kupukuchua bila kumkaribisha kiti. Halafu akasema watakuja, kazi ni kazi. Ila maneno hayo hayo ayaseme Jumapili katika kikundi, pale pale aliposimama kushuhudia.

Mwenze akaitikia. Ilikuwa tayari Jumamosi.