Jiwe la Kulainishia Vyungu

Vumbi la Mkunya ni jekundu na lina kiburi. Linapanda nawe kitandani, linaingia nawe kanisani, na ukihamia Dar linakufuata kwenye mishono ya viatu. Bibi Yasinta, mama wa mama yangu, miaka ishirini nimelikung'uta vumbi lako, na mwaka huu nimelirudia.

Nimerudi na mwiko wa kuchimbia, chekeche na fomu. Watu wa mradi wanataka kujenga nyumba ya pampu kwenye mteremko unaoshukia bonde la Ruvuma, ili maji yapande Mkunya yenyewe, bila kichwa cha mwanamke. Kazi yangu ni kuangalia kwanza kama ardhi ile imeficha mabaki ya watu wa kale. Mimi, Bibi, niliyekuwa nikikwepa kuteka maji kwa kujifanya naumwa tumbo.

Panda, tua, pumua, panda. Ndivyo mlivyoikwea njia ile, ndoo juu ya ngata, ngata juu ya utosi.

Nilichimba mashimo matatu, hapa na pale kwenye mteremko. Nilichekecha mpaka mabega yakaniuma, na sikupata kitu.

"Andika hakuna, dada," alisema Hamidu, msimamizi wa katapila, kwa upole. "Watu wana kiu."

Nilishika kalamu. Vumbi likatua juu ya karatasi, nikaiacha fomu mpaka kesho.

Jioni nikapita kwa mama mdogo Rose, palepale uani ulipokuwa ukifinyanga. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa analainisha chungu kibichi. Mkononi alikuwa na jiwe lako. Lile jeusi ulilotukataza kupasulia korosho, nami nikapasulia, ukaninunia siku mbili.

Nikaliomba, nikaligeuza. Bibi, nimesoma mpaka macho yakaomba miwani, lakini utoto wangu wote nililala hatua chache kutoka kwenye jiwe lile na sikulijua. Upande mmoja lilikuwa limechongwa, pigo baada ya pigo, na mtu aliyeishi kabla ya chungu cha kwanza. Upande wa pili lilikuwa limelainika kwa viganja vyenu, wewe na mama yako na mama yake.

"Mliliokota wapi, mama mdogo?"

"Pale tulipokuwa tunatua ndoo. Kila mfinyanzi wa hapa kaokota lake pale. Yaliyokuwa juu tulishayamaliza, mwanangu."

Asubuhi tulishuka pamoja. Alinionyesha pa kutulia ndoo, na vigingi vya nyumba ya pampu vilikuwa vimesimama hapohapo. Nikachimba shimo la nne. Kwenye kina cha goti mawe yakaanza kutoka, vipande vilivyomeguka mtu alipokuwa akichonga, makali yake bado yanakata. Hamidu akavua kofia.

Nami nikaogopa. Nikiandika ukweli, pampu itasogezwa, michoro itarudiwa, na maji yatachelewa mwaka mzima. Nisipoandika, katapila litayafuta yote kabla ya chakula cha mchana. Na mama mdogo ana miaka sitini na minane, na magoti yake yanamsumbua. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Aligeuza ndoo yake, akaikalia, akaitazama njia.

Panda, tua, pumua, panda.

"Mwaka mmoja nitapanda," akasema. "Hapa mama alikuwa ananisubiri mpaka pumzi inirudie. Andika."

Nikaandika. Nililia nikiandika, Bibi, na sioni haya kukuambia. Nililia kwa ajili ya magoti yake, na kwa ajili ya kila siku niliyosingizia tumbo, nikakosa kusubiriwa nawe pale njiani.

Nilitaka kulichukua na jiwe lako, nililoshuka nalo, nilitie mfukoni, lipewe namba, likae kabatini mjini. Mama mdogo alininyooshea mkono.

"Pima upesi unirudishie. Chungu changu kinakauka."

Basi nililipima, nikalipiga picha, nikalirudisha. Tulipofika nyumbani, akanishikisha jiwe tena. Akanimiminia kiganjani maji kidogo kutoka kwenye ndoo aliyoipandisha mwenyewe, nikasugua tumbo la chungu kama ulivyokuwa ukisugua wewe. Vumbi jekundu lililokuwa mikononi mwangu likanywa maji yale, likatulia, likang'aa chini ya jiwe. Sikulikung'uta.