Mkono Nyuma ya Pazia

Mchina aliyekaa kwa Jamaldin hakuwa daktari, na hilo alilisema mwenyewe kila alipoulizwa. Jina lake lilikuwa Ho Sang. Watu wa Kibokoni wakalitafuna kidogo, wakalitoa likiwa Hosani, naye akalikubali. Alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Meli ilimwacha Kilindini na mguu uliovunjika, ikaenda zake kwenye vita vyake, na mguu ulipounga hapakuwa tena na meli iliyomtaka. Jamaldin, muuza viungo, akampa chumba cha uani nyuma ya duka. Tabibu alikuwa babake, huko kwao. Yeye alijifunza nusu, akatoroka, akaingia baharini.

Lakini nusu hiyo ilitosha kuushughulisha mtaa mzima. Alimchoma Jamaldin sindano nyembamba, na shingo iliyokuwa imekakamaa miezi na miezi ikageuka. Alipomwona mzee mmoja akipigwa chuku, pembe zimemganda mgongoni zikimfyonza damu mbaya, alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Kwao nao huumika vivyo hivyo, ila kwa vikombe vya mwanzi. Na aliposema kwamba maradhi mengine ni ya moto na mengine ya baridi, watu wakashusha pumzi. Kumbe ni haya haya yetu! Nani Mombasa hajakatazwa madafu kwa sababu ana kifua? Wakadhani wamemwelewa. Kudhani tumeelewa ni ugonjwa wetu sisi watu wa Kibokoni, na mimi sijaona pembe ya chuku inayoutoa.

Mwanakuu naye alidhani ameelewa. Bintiye Tumu alikuwa mwali, amewekwa ndani akisingwa mwili kwa liwa ya kunukia na kusubiri kuolewa na Athmani, karani wa forodha. Ila kila alasiri mwili wa Tumu ulichemka. Usiku alitoka jasho hadi mto ukalowa. Alikuwa na kikohozi kidogo kikavu ambacho alikifichia kwenye leso, na nguo zilianza kumpwaya. Mashavu tu ndiyo yaliyoiva, mekundu, na wageni walipoyaona walisema uzuri wa biarusi umeanza kujitokeza.

Mwanakuu alipoyatazama mashavu hayo alitamani kulia, wala hakulia. Alikuwa ameacha kulia tangu meli iliyomchukua mwanawe wa kwanza, Mahadhi, ilipozamishwa vitani katika njia ya Bara Hindi. Hapakuwa na maiti wala kaburi, na kila aliyekuja kumpa pole alimkanya: machozi yako yanamuadhibu marehemu, yameze. Basi akayameza. Sasa alikuwa amebakiwa na mmoja, na huyo mmoja alikuwa akimponyoka mbele ya macho yake.

Kumpeleka hospitali? Angelazwa wodi ya wenye vifua, na kabla ya adhuhuri mji wote ungejua. Mwanamume gani angemuoa tena? Ndiyo maana Abdulhalim, ndugu wa marehemu mumewe na mwalimu wa chuo cha Kurani, yeye aliyekuwa walii wa kumuozesha Tumu, alikubali Mchina aitwe. Alikubali kwa sharti.

"Uso wa mwali asiuone," alisema. "Pazia liwe kati. Atolewe mkono tu, na juu ya mkono kitambaa."

Ho Sang hakushangaa. Alisema kwao pia wake wa wakubwa walitibiwa hivyo.

Alikuja baada ya sala ya alasiri, akaketi mkekani ukumbini, Abdulhalim kando yake. Nyuma ya pazia kulikuwa na wanawake watatu: Tumu kitandani, mamake, na Mwanabaraka, somo wake, ndiye aliyekabidhiwa kumfunda na kumtunza mpaka siku ya harusi. Mwanabaraka alikuwa mwanamke mwema. Uovu wake ulikuwa mmoja tu, hakuweza kukaa na hofu peke yake bila kumgawia mwenziwe.

"Mwanakuu," alinong'ona, "umefikiri? Wasema mtu huyu akishika mkono wa mwanamke huyua kama yuna mimba."

"Tumu hana mimba!"

"Nayua hana. Wewe wayua, mimi nayua. Je, akikosea yeye akasema yuna? Abdulhalim yuko pale yuwasikia. Na kina Athmani masikio yao yako mlangoni."

"Mkono!" Abdulhalim aliita kutoka upande wa pili.

Mwanabaraka akakimbilia mlango wa nyuma kuona kama kuna masikio, akawapa mgongo. Tumu alikuwa amekwisha kuunyosha wake. Mwanakuu akaushika, akaurudisha kifuani kwa mwenyewe. Hakuwa na muda wa kufikiri, na wazo lilimjia likiwa tayari limepambwa kama hekima. Mama na mwana si damu moja? Mtoto huyu alilala tumboni mwake, akanyonya ziwa lake. Kilichomo mwilini mwa Tumu kimetoka mwilini mwake, basi mkono mmoja utajibu kwa niaba ya mwingine. Akavua bangili, akajifunika kitambaa cha hariri juu ya kifundo, akautoa mkono wake nje ya pazia. Tumu alimtazama, akauingiza wake chini ya shuka.

Vidole vitatu vilitua juu ya hariri. Vilikaa kwanza juu juu, kisha vikazama, kisha vikainuka tena, polepole, mpaka Mwanakuu akasikia mshipa wake mwenyewe ukigonga.

"Ulisema homa ya alasiri," Ho Sang alimwambia Abdulhalim. "Hapa hakuna homa."

"Homa iko. Nimeambiwa na mamake."

Vidole vikabonyeza tena.

"Mtu huyu halali. Chakula kinapita tu, hakimjengi. Ndani yake baridi. Na hapa," akakaza kidole kimoja, "hapa ni pa pafu. Baba alinifundisha, kila jambo la moyo lina nyumba yake mwilini. Hasira inakaa kwa ini. Woga unakaa kwa figo. Huzuni inakaa kwa pafu. Hapa iko huzuni ya zamani, imefungiwa ndani. Mtu huyu hajalia."

Abdulhalim akaguna. "Mwali yuwaolewa! Huzuni gani?"

Nyuma ya pazia Mwanakuu alishika ukingo wa kitanda kwa mkono uliobaki. Mtu wa mbali, asiyejua hata sura yake, alikuwa ameingia moja kwa moja pale alipomficha Mahadhi, akamkuta. Alitaka vidole vile visiondoke. Kwa muda huo, Mungu amsamehe, alimsahau kabisa mtoto aliyelala ubavuni pake.

"Mkono huu ni wa mgonjwa?" Ho Sang aliuliza.

Abdulhalim akasafisha koo. "Si ndio uliotolewa?" alisema.

Ho Sang aliinamisha kichwa. Akarudi kwa Jamaldin akachanganya tangawizi kavu, mdalasini na mizizi aliyokuwa nayo ya kwao, akaleta vifurushi vya karatasi. Hakumpa Abdulhalim kwanza. Alisimama karibu na pazia, akapaza sauti.

"Dawa hii ni moto. Kwa mkono ule ni nzuri. Lakini mtu mwenye homa ya alasiri, jasho la usiku, mashavu mekundu, huyo asinywe. Moto wake haukuzidi. Maji yake yamepungua. Chungu kikikauka juu ya meko, msiongeze kuni."

"Moto ni moto na baridi ni baridi," alisema Abdulhalim akivipokea vifurushi. "Wayafanya magumu, Hosani."

Mwanabaraka alikuwa jikoni, lakini Mwanakuu alisikia kila neno. Maneno mawili tu yangetosha, mkono wangu, na alikuwa nayo ulimini. Akawaza jinsi Abdulhalim atakavyomtazama: shemeji mtu kumtolea mwanamume mkono wake kwa hila, tena mbele yake. Akayameza, kwa kuwa kumeza alikuwa amezoea.

Kuanzia siku hiyo Mwanabaraka aliichemsha dawa na Abdulhalim aliuliza kila jioni kama mwali amekunywa. Mwanakuu alikipokea kikombe mlangoni, akisema atamnywesha mwenyewe, akageuza mgongo na kukinywa. Angeweza kukimwaga. Sijui kwa nini hakukimwaga. Labda kwa kuwa kilichemshwa kwa ajili yake, na kwa miaka hakuna aliyemchemshia kitu. Na balaa ni kwamba kilimfaa. Alilala usingizi alioupoteza tangu habari ya meli ile, akaamka kifua kimefunguka, akamkuta Tumu kando yake amekaa kitako, nywele zimegandana kwa jasho. Alijichukia mpaka chakula kikamkinai. Kila asubuhi alisema, leo nitakwenda kwa Jamaldin nimwambie yule Mchina kweli. Kila asubuhi palikuwa na mgeni, au nguo ya kushonwa, au Abdulhalim kakaa barazani, na leo ikawa kesho.

Kisha pakatokea msiba kichochoro cha pili, na Mwanakuu akaenda kuhani. Aliporudi alimkuta Mwanabaraka akisuuza bakuli, uso umemng'aa.

"Leo nimemnywesha mimi, kamaliza yote! Nikamuongeza na la pili, maana naona hapati nafuu."

Mwanakuu alimpita. Tumu alikuwa ameinama ukingoni mwa kitanda, akikohoa kikohozi kilichomtikisa mwili wote. Leso yake mpya ya harusi ilikuwa na damu mbichi.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "naliyua dawa hii ni yako. Lakini somo alisema Ami Abdulhalim kaamuru."

Mwanakuu alijitupia leso kichwani akatoka. Hakuchukua buibui. Barazani alikuwako Abdulhalim pamoja na wazee wa msikitini, na kati yao babake Athmani, wote wakinywa kahawa. Ng'ambo ya kichochoro Ho Sang alikuwa mlangoni kwa Jamaldin akichambua iliki. Mwanakuu hakuwahi kusimama mbele ya wanaume hao hata siku moja. Alipandisha mkono wa kanzu yake mpaka kiwikoni, akaunyosha mkono mtupu kwenye jua.

"Hosani! Mkono ule ulikuwa huu. Ni wangu. Mwanangu yuwatapika damu huko ndani. Nakuomba, umshike wake."

Kikombe cha mtu kililia juu ya kisahani. Ho Sang alivuka akichechemea. Mkono wenyewe hakuutazama.

"Nilijua," alisema kwa sauti ndogo. "Mshipa wa msichana hauko hivyo. Kwetu pia walimjaribu baba, wakatoa mkono wa mjakazi. Nilifikiri kesho mtaniita mnipe wa kweli. Kisha niliogopa. Chumba ninacholala ni cha watu."

Mwanakuu akamgeukia shemejiye, akingoja radi. Abdulhalim alikuwa akizitazama punje za tasbihi yake kana kwamba kazisahau zilivyo.

"Hata mimi naliuona," alisema. "Kitambaa hakikufunika vidole. Naliliona lile kovu lako la mbuzi ya nazi. Nikasema moyoni, mwache, yuwalinda heshima ya nyumba, na dawa ya mama haimdhuru mwana."

Watu wazima watatu walijua. Mmoja alinyamaza kwa haya, mmoja kwa heshima, mmoja kwa chumba cha kulala, na kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa ndiye mwenye la kusema. Dawa ikanywewa na mwali wa watu.

Safari hii hapakuwa na pazia. Ho Sang alikaa kitandani, akamshika Tumu mkono wa kushoto, halafu wa kulia, akauweka kila mmoja chini kwa upole.

"Chungu kimekauka sana," alisema. "Baba yangu angetaka mwaka mzima, na dawa ambazo ziko ng'ambo ya vita. Mimi nina nusu tu. Mpelekeni hospitali. Sasa hivi."

Abdulhalim mwenyewe ndiye aliyembeba. Alipita naye barazani mikononi, akapita mbele ya madirisha yote ya Kibokoni, mwali uso wazi, na hakuna aliyemwambia kitu. Nafasi ya babake Athmani ilikuwa tupu. Posa ikavunjwa kabla ya magharibi, kwa maneno ya adabu ambayo hayakumkosea mtu.

Wodi ya vifua ilikuwa na madirisha ya nondo, na jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Nesi Truphosa, mtu wa bara mwenye sauti ya ukali na moyo usiofanana nayo, alimwachia Mwanakuu asimame nje kwenye kivuli baada ya kumpokea uji. Daktari alisema wangoje. Hakusema wangoje nini, na Mwanakuu hakuthubutu kuuliza.

Alasiri moja Tumu aliletewa kitanda chake karibu na dirisha. Mashavu yalikuwa mekundu bado.

"Nipe mkono," mamake alisema.

Tumu alimtazama. "Leo wautaka wangu?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, akaupitisha kati ya nondo.

Mwanakuu aliweka vidole vitatu juu ya kifundo, kama alivyowekewa yeye, bila hariri. Aliupata mshipa: mwembamba, una mbio, ukimkimbia chini ya vidole. Ndipo machozi yakaja, ya Mahadhi yakitangulia na ya huyu yakifuata nyuma, na wapita njia wakamwona na hakujali. Hakujua kuusoma mshipa ule. Aliushika hivyo hivyo mpaka Truphosa alipokuja kufunga dirisha.